Kilichokuwa Kikigonga Gurudumu la Nyuma

Kama umekuja kutafuta vioja vya kuchekea, pita, kwa jirani kuna redio. Haya yalinikuta mimi mwenyewe, mchana, nikiwa na akili zangu timamu na sijaonja hata tone la mbege, pombe yetu ya ndizi. Nayasema kama yalivyokuwa. Binti yangu hajayasikia yote hadi leo, na ukikutana naye naomba usimwambie. Utaelewa kwa nini tukifika huko.

Mimi ni mama wa ndizi. Nachukua mikungu huku kwetu Mwika, nashusha mjini Moshi, na gari naendesha mwenyewe. Ni hadtopu la zamani, lile gari fupi la porini ambalo magurudumu yote manne yanavuta, alilolinunua mume wangu tulipokuwa bado vijana. Wanaume wa barabara ile walinicheka sana mwanzoni. Waliacha kunicheka siku walipokwama kwenye tope na mimi ndiye niliyewavuta.

Sasa, mume wangu alipata ugonjwa wa figo. Ikawa kila wiki lazima ashuke mjini kusafishwa damu, si mara moja tu. Akikosa, miguu inavimba, pumzi inakuwa ya kutafuta. Nikaacha kubeba ndizi siku zake, nikawa nambeba yeye. Alikaa mbele kushoto, dirisha wazi, mkono nje. Alikuwa na pete yake ya ndoa, na akiona nakimbiza gari anapiga bati la mlango kwa nje, pa-pa, mara mbili, polepole. Maana yake, punguza mwendo, mama. Alikuwa anachukia vurugu mtu yule. Hata mlango ukiubamiza anakukazia macho mpaka uone haya.

Mvua za masika zilipoanza, matairi yangu yalikuwa yameisha meno kabisa. Siku moja tukiwa tunashuka, gari likateleza kiubavu, likaenda kusimama pembeni kabisa mwa mfongo, ule mfereji wetu wa kumwagilia. Nikavuta breki ya mkono. Yeye akatulia, halafu akasema, "Mama Neema, kufa siogopi. Ila nisifie barabarani."

Hapa ngoja nikueleze jambo la ukoo wetu, maana bila hilo hutanielewa. Mtu akifia nyumbani, amemaliza, yuko kwake. Akifia njiani, kuleta mwili hakutoshi. Inabidi ndugu aende mpaka pale alipokatia roho, ameshika jani la isale, amwite kwa jina lake na amwambie, "Twende nyumbani." Halafu gari linarudi moja kwa moja, watu kimya, mpaka kihambani kwake, shamba la nyumbani, chini ya migomba. Asipoitwa anabaki palepale alipoangukia. Isale ni lile jani refu la kijani tunalolipanda kwenye mipaka na makaburini. Ukimkosea mtu unampelekea hilo, na akilipokea amesamehe. Halinyauki upesi, unaweza kulikata na likakaa siku nyingi bado bichi. Padri anajua tunafanya hayo, anaangalia pembeni. Unaweza kucheka. Na mimi nilikuwa nacheka.

Basi nikaenda Pasua, pale mjini, kutafuta magurudumu.

Kuna mtu pale alikuwa anauza vipuri vya magari yaliyokatwakatwa. Akanionyesha magurudumu manne, tairi na rimu yake, meno marefu, karibu mapya. Nikamuuliza yametoka gari gani. Akasema lilitoka barabara ya Tanga, lilipata shida kidogo. Nani asiyejua maana ya gari kupata shida kidogo? Lakini Moshi nzima inatembea juu ya vipuri vya magari yaliyopata shida kidogo, na mimi nilikuwa na mgonjwa na mvua. Nikachukua. Fundi wangu Hamisi, ambaye gereji yake iko mtaa uleule, akanifungia siku hiyohiyo.

Kushuka na kutembea mjini, kimya. Lakini nilipoanza kupanda kurudi nyumbani, nikasikia nyuma kushoto: ngo-ngo... ngo.

Mbili za haraka, moja ya kuchelewa. Kama mtu anayegonga mlango wa watu asiowazoea. Nikasimama, nikashuka, nikazunguka gari. Hakuna kitu. Nikaondoka, ngo-ngo... ngo. Nikifika nyumbani, kimya. Kesho yake kushuka, kimya. Kupanda, kinaanza tena. Nilimwambia mume wangu asikilize, akasikiliza mpaka nyumbani.

Nikamrudia Hamisi. Hamisi ni kijana wa Kipare, mcheshi, anaongea kuliko anavyofanya kazi, lakini kazi anaijua. Akacheka. "Mama, gari likifungwa viatu vipya lazima lilalamike kidogo. Hizo ni nati." Akazikaza zote, akapanda juu ya spana kwa uzito wake wote. Nikapanda mlima, ngo-ngo... ngo.

Akasema ni beringi, tukabadilisha. Kinagonga. Akasema tairi ni pana, linakwaruza madigadi, akalikata bati kidogo kwa ndani. Nikamwambia kukwaruza na kugonga ni vitu viwili tofauti, akaniambia mama, wewe uza ndizi. Kinagonga. Tukaenda kwenye shokapu, tukaenda kwenye mipira ya chasisi. Siku nyingine akalala chini ya gari na tochi, akatoka na uso wa ushindi. Ameshika kipande cha kioo, kile cha mbele cha gari ambacho kikivunjika kinakuwa punjepunje. Kilikuwa kimejibana katikati ya meno ya tairi. "Mchawi wako huyu hapa," akasema. Nikamshukuru, nikampa mkungu wa ndizi. Na jioni hiyo nikipanda, kikagonga vilevile, tena kwa nguvu zaidi.

Wakati huo nilishaanza kuchoka. Si kelele yenyewe, unaelewa? Ni kwamba kila gari linapolia na wewe umembeba mgonjwa, unaona kama linakatikia njiani, na maneno yake yale yanakurudia. Nilikuwa nataka kitu kimoja tu maishani mwangu, asifie barabarani.

Asubuhi ya siku ninayokusimulia, haikuwa siku yake ya hospitali. Alikuwa amekaa uani kwenye kiti chake cha mbao, chini ya mti wa kahawa, akaniita. Alikuwa amejivuta mwenyewe mpaka kwenye mpaka wa kihamba na amekata jani la isale. Lazima nikwambie kwamba yeye na mdogo wake, shemeji Aloisi, walikuwa hawasalimiani kwa miaka kwa sababu ya huo mpaka. Walikuwa wanapishana kanisani kama wageni. Sasa alikuwa amelishika lile jani kwa mikono miwili, akalitajia jina lake, jina la ubatizo na la ukoo, akalitajia na jina la Aloisi. Akanipa.

"Mpelekee," akasema. "Mwambie kaka yako amekutumia. Mpaka achukue yeye."

Nikaliweka kwenye kiti cha mbele, nikashuka. Shemeji anakaa chini ya kwetu, njiani, lakini asubuhi ile nilimkosa, amekwenda mnadani Kwa Sadala. Nikasema nitampitia nikirudi.

Kwa Hamisi tulifanya jambo ambalo tulipaswa kulifanya tangu mwanzo. Tulihamisha magurudumu. La nyuma kushoto akalifunga mbele kulia, tukatoka wote wawili kujaribu, tukapanda kidogo njia ya mlimani. Kikagonga mbele kulia. Hamisi akafurahi mpaka akapiga usukani makofi. "Umeona? Siyo gari. Ni gurudumu! Rimu imepinda." Tukarudi, akaliinua kwa jeki, akalizungusha. Lilizunguka limenyooka kama sahani. Akalivua tairi, akapapasa ndani, akaigonga rimu pande zote akisikiliza ufa. Hakuna. Akalirudishia, akachukua tairi langu la zamani lililokuwa limelala gereji, kipara lile, akalifunga mahali pake. Lile gurudumu lenye kelele tukalipakia nyuma, tukalifunga kwa kamba lisitikisike, tukapanda tena.

Ngo-ngo... ngo. Nyuma ya migongo yetu. Gurudumu limelala, limefungwa, haligusi barabara.

Hamisi alikanyaga breki. Alinyoosha mkono akazima gari katikati ya njia. Kimya. Akaliwasha, akageuza kurudi mjini, mteremko wote kimya. Alipofika gereji akashuka, akafuta mikono yake kwa kitambaa muda mrefu, na yule mcheshi sikumwona tena siku hiyo.

"Mama, shikamoo," akasema, na asubuhi alikuwa ameshanisalimu. "Hili lirudishe lilikotoka."

Nilikwenda kwa muuza vipuri. Kibanda kimefungwa, majirani wanasema kasafiri. Kulitupa njiani niliogopa, kwa sababu niliwaza watoto wataliokota. Nikasema nalipeleka nyumbani, mume wangu ataniambia la kufanya. Nikaondoka peke yangu saa kumi na moja, mvua imekatika, ukungu unashuka.

Niamini, tangu nilipoiacha lami lile gurudumu liligonga bila kupumzika. Nikaongeza sauti ya redio, likagonga juu ya redio. Nikaimba wimbo wa Bikira Maria, likagonga. Kisha, kwenye kona moja karibu na daraja dogo, likanyamaza. Ghafla kabisa. Na mbele yangu, pembeni ya barabara, amesimama mwanaume.

Alikuwa mtu wa makamo, koti la suti, viatu vya mjini. Hakuwa na mzigo. Hakupunga mkono. Ungekuwa wewe ungepita? Kwetu huku watu wanajuana, na ukimwacha mtu kwenye ukungu kesho yake unasemwa kanisani. Nikasimama.

"Unakwenda wapi, baba?"

"Nyumbani," akasema. "Juu kidogo. Nimechelewa sana."

Akapanda nyuma, akakaa kwenye benchi la pembeni, karibu na lile gurudumu. Nilimwona kwenye kioo. Aliweka mkono juu ya tairi kama unavyoweka mkono kwenye bega la mwenzako mliyesafiri naye. Nikaona ni uchovu tu. Alinielekeza kwa kusema mbele kidogo, mbele kidogo, mpaka tukapita njia ya kwa shemeji. Nikajiambia nikishamfikisha huyu nitarudi. Tukaingia kichochoro kimoja cha migomba ambacho nakifahamu, akasema hapa.

Hapo palikuwa na ukuta. Ukuta mpya wa matofali, geti jeusi, nyumba kubwa ndani yenye madirisha ya vioo, na migomba yote imeng'olewa. Nilikumbuka kihamba hicho. Mwenyewe, ambaye sikumjua kwa sura, alifia safarini, watoto wake wakagombana, wakakiuza kwa mtu wa Dar, kila mmoja akaenda njia yake. Yule mwanaume akashuka, akasimama mbele ya geti. Akanyoosha mkono, akagonga.

Ngo-ngo... ngo.

Ndiyo, nilisikia, na ndiyo, nilijua ni ugongaji uleule. Utaniuliza kwa nini sikukimbia. Nimejiuliza hilo kuliko wewe. Ni kwamba hakuna aliyefungua, naye akaendelea kusimama pale na mikono imening'inia, na ile huruma ikanizidi woga. Umewahi kumwona mtu mzima anasimama nje ya kwao na hakuna anayemjua? Nimezaliwa na kulelewa nikifundishwa kwamba mtu wa namna hiyo humwachi jioni nje. Unampa kiti, unampa mtori, mengine yatajulikana baadaye.

Nikamfungulia mlango wa mbele, akae pa heshima. Lile jani la isale lilikuwa kwenye kiti. Nikaliokota, asije akalikalia. Na nikiwa nimelishika mkononi hivyo, nikamwambia, "Panda, baba. Twende nyumbani."

Akageuka. Kwa mara ya kwanza akanitazama machoni, na machozi yalikuwa yamemjaa.

"Umesema twende nyumbani?"

"Nimesema."

"Aika, mae," akasema. Asante, mama. Akapanda.

Njia nzima hakukuwa na kugonga kokote. Nilishukuru Mungu, unaweza kuamini? Nilishukuru. Nilipoingia uani kwangu na kuzima gari, nikageuka kumkaribisha. Kiti kilikuwa kitupu. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani, kitasa kimeshushwa. Na jani lililokuwa kwenye mapaja yangu, jani la asubuhi hiyohiyo, lilikuwa limekauka limekuwa la kahawia, linavunjikavunjika vidoleni.

Nilimweleza mume wangu kila kitu usiku ule. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza, "Ulikuwa umelishika jani?" Nikasema ndiyo. Akasema atakata jingine akipata nguvu. Nguvu hakuzipata.

Tangu siku hiyo gari likawa kimya. Nililirudishia lile gurudumu mahali pake kwa sababu mvua haikuwa na huruma na kipara hakifai, na halikulia hata mara moja. Hamisi akaliendesha mwenyewe, akarudi kuwa Hamisi. "Si unaona, mama, ilikuwa kile kioo tu. Tulijitisha bure." Nilitaka sana kumwamini.

Lakini kugonga kukahamia nyumbani. Mchana, tukiwa tunakula, mlango wa chumba cha kulala, ngo-ngo... ngo. Nikienda kufungua, hakuna mtu. Mume wangu akaacha kukaa uani. Nikamuuliza kwa nini hataki jua, akasema, "Kile kiti kina mtu." Akawa anakaa kitandani ameutazama mlango. Tulimwita padri akabariki nyumba, akanyunyizia maji kila kona, akala, akaondoka, na kabla pikipiki yake haijafika barabarani mlango ukagongwa.

Siku aliyokufa mume wangu ilikuwa siku yake ya hospitali. Aliamka pumzi imebana. Nilimweka mbele, tukashuka, Neema, binti yetu, akabaki nyumbani na wadogo zake. Magurudumu yale yalishika tope vizuri kuliko yoyote niliyowahi kufunga, hilo siwezi kuyanyima. Nilikimbiza gari. Tulipofika ile kona karibu na daraja dogo, nikasikia pete yake kwenye bati, pa-pa. Punguza mwendo, mama. Nikapunguza. Nikamtazama. Alikuwa ananitazama, na mdomo wake ukafanya neno nyumbani, sauti haikutoka. Nikasimamisha gari, nikamshika uso. Akafia mkononi mwangu, barabarani, kitu kile kimoja tu alichoniomba kisimpate.

Sitakusimulia nilivyolia. Watu walikuja, mwili ukapelekwa mjini, msiba ukaanza. Na lile la kumfuata likabaki kwa shemeji Aloisi, kwa sababu ndiye ndugu pekee aliyebaki. Alikuja bila kuitwa, amenyoa, hajala. Akakata isale kwenye mpaka uleule waliougombania. Tukaenda kwenye ile kona na gari lilelile, mimi naendesha, mlango wa mbele kushoto tukauacha wazi.

Shemeji alisimama pale alipokatia roho kaka yake, akainua jani, akamwita jina lake la ubatizo na la ukoo, akamwambia twende nyumbani. Kwa kawaida, wanavyosema wazee, mshika jani anajua. Jani linakuwa zito kidogo mkononi. Shemeji akaita tena. Akaita tena. Kisha akanigeukia, rangi imemtoka.

"Shemeji," akasema, "ananijibu, lakini hanijibu hapa. Sauti inatoka juu, inatoka nyumbani."

Nikajua lazima nimwambie. Nikamwambia yote, gurudumu, ukungu, geti jeusi, na maneno niliyomwambia yule mtu.

"Jani gani ulikuwa umeshika?"

"La mume wangu. Alilikata yeye, akalitajia jina lake. Na jina lako. Alinituma nikuletee. Alisema mpaka uchukue wewe."

Shemeji Aloisi ni mwanaume mkubwa, mgumu. Alikaa chini barabarani, kwenye tope na suti yake ya msiba, akajifunika uso na lile jani. Baadaye sana akasema, "Umemwingiza mtu nyumbani kwa jina la kaka yangu. Jina hilo sasa lina mtu kule. Huyu wangu nikimwita, anaitika yule." Nikamwambia basi tumwite kwa namna nyingine, tumwite baba Neema, tumwite mume wangu, tumwite vyovyote. Akatikisa kichwa. Mtu ana jina moja la kuitiwa nyumbani, akasema, na mimi nimeshampa yule mwingine.

Tukarudi. Nilipozima gari uani, Neema akatoka jikoni mbio, macho yamemvimba kwa kulia lakini anatabasamu.

"Mama, baba amefika! Nilikuwa napika, nimesikia amegonga chumbani. Amefika kabla yenu."

"Amegongaje, mwanangu?"

Akainua mkono, akagonga kwenye bati la gari. Mbili za haraka, moja ya kuchelewa.

Nikamkumbatia. Nikamwambia ndiyo, baba amefika. Hadi leo akisikia mlango unagongwa anasema karibu baba, na wakati mwingine anaweka chai kwenye kile kiti cha uani. Chai inapoa, naimwaga mimi. Ningemwambia nini? Kwamba anamkaribisha mtu aliyekuja kwa lile gurudumu, na baba yake yuko kule chini kwenye kona, kwenye mvua?

Wewe unayefunga magurudumu ya gari lililopata shida kidogo, sikia. Gari likilia, anza na nati, angalia beringi, angalia mawe kwenye meno ya tairi, kwa sababu mara nyingi huwa ni hayo. Lakini ukihamisha gurudumu na kelele ikalifuata, ukalipakia nyuma na bado likagonga, basi simama palepale na usipande nalo mlima. Na kama kuna atakayekusimamisha njiani, mpe pole, mpe maji, mpe hata koti lako. Usimwambie twende nyumbani ukiwa na isale mkononi. Akishaingia, hatoki, na wa kwako akifa hatakuwa na pa kurudi.

Mimi bado nashusha ndizi, kwa magurudumu yaleyale. Yamenyamaza. Sasa mimi ndiye ninayetega sikio. Kila nikifika ile kona napunguza mwendo, nazima redio, nasikiliza kama kutapigwa bati, pa-pa. Sijawahi kusikia kitu. Nasimama hata hivyo. Namfungulia mlango wa kushoto, nangoja kidogo, abiria wakiwepo nawaambia injini inapoa. Kisha naufunga polepole, maana alikuwa hapendi ubamizwe.